Kantini ya geti la nyuma, Mtwara: kontena za kurudisha, maji ya kujaza na mkaa wa maganda ya korosho (nimekula hapo semista nzima)

Habari zenu wadau. Toka mwezi wa tatu tulivyofungua semista ya pili nimekuwa nikisema nitaandika kuhusu hii kantini, sasa tunaingia UE (mitihani ya mwisho wa semista) nikaona niandike kabisa kabla sijabanwa, maana kila wiki kuna mtu ananisimamisha ananiuliza hivi hizo kontena za chuma mnazobebaga nyie mmepewa au mnauza. Ni za kantini. Ile iliyoko nje kidogo ya geti la nyuma, chini ya mikorosho miwili mikubwa, ukitoka hosteli za wasichana unatembea kama dakika nne hivi. Siyo kantini rasmi ya chuo, ni ya mama mmoja ambaye miaka yote alikuwa anauza chai na vitumbua hapohapo, afu mwaka jana vijana wa klabu ya mazingira wakakaa nae wakabadilisha namna ya kuuza. Mi nimekula pale karibu kila siku ya masomo, kwahiyo nachoandika hapa nakijua.

Kwanza mjue tulikotoka. Hapa chuoni kwetu chakula cha mchana kilikuwa ni yale maboksi meupe mepesi, yale yanayovunjika kama biskuti, unawekewa wali maharage unakimbia nao kipindini. Watu mia kadhaa kila siku, kila mtu boksi lake na kijiko chake cha plastiki na nailoni ya kubebea mchuzi. Ukimaliza unatupa. Na Mtwara mnajua upepo wetu, kusi likianza mwezi wa nne halina mchezo, pipa likijaa tu yale maboksi yanaruka, unayakuta yamenasa kwenye uzio, kwenye mikorosho, kwenye mtaro, na mvua za mwisho zikija mtaro wote unaelekea upande mmoja tu, baharini. Mimi natokea Tandahimba, bahari sikuizoea, lakini mwaka wa kwanza tulipelekwa Msimbati kwenye ile Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo toka mwaka 2000, na nilikuta vipande vyeupe vilevile vimejaa kwenye mizizi ya mikoko. Tukaelezwa kwamba kasa akiona nailoni inaelea anajua ni yavuyavu, anameza. Toka siku ile sijawahi kuliangalia boksi la chipsi kwa macho ya zamani.

Na siyo kwamba chuo hakikufanya kitu. Tuliwekewa mapipa matatu matatu yenye rangi, la plastiki, la karatasi, la makombo, na mabango mazuri kabisa ya lamineti. Tatizo gari la taka likija vijana wanamwaga yote matatu kwenye tela moja. Mi nimeliona hilo kwa macho yangu saa kumi na mbili asubuhi nikiwa natoka kusoma, nikajisikia vibaya sana kwasababu jana yake nilikuwa nimesimama pale nikimwelekeza mtoto wa mwaka wa kwanza aweke ganda la ndizi kwenye pipa la kijani. Na ambayo hayakubebwa yalichomwa kwenye shimo nyuma ya hosteli, moshi wa yale maboksi unauma koo na unaingia mpaka kwenye mashuka. Klabu nayo ilikuwa inafanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunaokota magunia kwa magunia, tunapiga picha, Jumatatu saa nane mchana pako vilevile.

Sasa huyu mama na hao vijana walichofanya ni kitu ambacho ukikiangalia ni cha zamani sana. Mnakumbuka soda za chupa? Ukienda dukani bila chupa unaacha hela ya chupa, ukirudisha unapewa hela yako, hakuna mtu aliyekuwa anatupa chupa ya soda mtaani kwasababu ile ni hela. Ndio hichohicho. Wamenunua kontena za stenlesi zenye kifuniko cha kubana, kila moja imegongwa namba kwa msumari chini ya kitako, unaacha 3,000 siku ya kwanza, jina lako na namba vinaandikwa kwenye kauntabuku, unaondoka na chakula chako. Kesho unarudi na kontena chafu unapewa nyingine safi yenye chakula, hulipi tena ile 3,000. Ukimaliza chuo au ukichoka, unarudisha, unachukua elfu tatu yako. Hamna mambo ya fomu wala kujisajili kwenye simu. Na kama una hotpoti lako mwenyewe unakuja nalo, unapunguziwa 200 kwenye kila sahani. Wali maharage ni 1,500 kwahiyo unalipa 1,300, na kwa mwanafunzi anaesubiri bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, hiyo mia mbili siyo ndogo, wiki mbili tu ni nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Boksi jeupe bado lipo kwa anaelitaka, hawajamkataza mtu. Ila unaliongezea 300. Mwanzoni lilivyotangazwa watu walilalamika sana, mmoja akasema huo ni wizi, mama akamjibu kwa upole tu, "Mwanangu boksi mi nanunua, zamani nilikuwa naificha hiyo hela kwenye wali wako, sa hivi nakuonyesha." Nilikuwepo kwenye foleni, na kwakweli lile jibu ndo lilinifanya nirudi kesho yake. Wiki ya tatu nilihesabu waliokuwa mbele yangu saa saba mchana, kumi na nane, wenye boksi walikuwa wawili.

Hiki ndio nataka watu wa vyuo vingine mkisikie hasa mnaopanga kuanzisha vitu kama hivi. Miaka miwili ya mabango haikutubadilisha, na siyo kwamba hatukuwa tunajua, wote tunajua, tumefundishwa toka shule ya msingi. Mifuko ya plastiki ilivyokatazwa tarehe 1 Juni 2019 mi nilikuwa sekondari, mama yangu alirudi kwenye kikapu cha ukindu ndani ya wiki moja, rambo zikapotea mtaani kwetu, lakini hakurudi kwenye kikapu kwasababu alielimishwa, alirudi kwasababu rambo haikuwepo dukani. Hapa kantini nako ni hivyohivyo, kitu kizuri kimewekwa karibu na kimewekwa rahisi, kitu kibaya kimewekwa mbali kidogo na kina bei yake. Na kuna sinki. Naomba mnielewe kuhusu hili sinki kwasababu nadhani ndio siri ya yote: wamejenga sinki la bomba mbili pembeni ya njia inayotoka kwenye madarasa, na sabuni ipo, na sponji ipo, unapita unasuuza kontena yako mwenyewe nusu dakika unaendelea na safari. Zamani hata mtu aliyekuwa na hotpoti lake alikuwa analiacha chumbani kwasababu hakuna pa kulioshea, utabeba chombo kinanuka maharage mpaka kipindi cha saa kumi? Hakuna. Sinki liliondoa kile kisingizio.

Usafi ndio swali la kwanza ninaloulizwa na wasichana wenzangu, jamani mnakula kwenye chombo alichokula mtu mwingine. Lakini hata sahani ya mgahawani si ameshakulia mtu mwingine? Ila nilienda kuangalia nyuma, mama hakunikatalia. Kuna mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuzia, na la maji ya moto kabisa yanayotoa moshi, afu vyombo vinapandishwa kwenye uchanja juani, uchanja wa miti kama wa kwetu kijijini. Mwezi huu wa sita wakulima wa jirani wanapuliza salfa kwenye mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na ile vumbi ya njano inafika popote, nikamuuliza mbona vyombo viko nje, akanionyesha wamefunika uchanja mzima na neti na kitambaa juu, na kabla ya kupakua wanapitisha tena maji ya moto. Niliridhika. Maji ya kusuuzia yanaenda kwenye migomba kwa mfereji mdogo, hiyo migomba imenenepa ukiiona.

Chakula chenyewe sasa. Wali wa nazi ni mzuri, siyo wa kushindwa kujizuia lakini ni mzuri, nazi inasikika. Maharage yanaiva kweli, siyo yale ya kugonga meno. Samaki ni Jumanne na Ijumaa, changu au tasi kutegemea feri, kwenye soko la samaki, wamepata nini, anakaanga vizuri lakini vipande vinazidi kuwa vidogo tangu mwezi wa tano na bei imebaki 3,000 hiyohiyo, naomba aliangalie. Ugali wa mhogo na kisamvu cha nazi ndio sahani yangu, 1,500, na nadhani hakuna sehemu nyingine karibu na chuo unapata ugali mweupe laini wa mhogo kama ule. Siku akipata ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, anachemsha anauza kwa fungu, hiyo hamfungii mtu kwenye nailoni, anakufungia kwenye jani la mgomba au unaleta chombo, na wageni kutoka mikoa ya juu wanashangaa ming'oko ni nini, sisi tunawaonjesha.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ya hata kontena ni jiko. Nyie mnajua Serikali ilishatoa katazo, taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti, mwisho ilikuwa Januari 2024, na kuna huo mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameingia huko ifikapo 2034. Mama wa kantini siyo taasisi lakini anapikia watu wengi kuliko baadhi ya shule. Sasa anatumia vitu viwili. Chai, chapati na kukaangia ni mtungi wa gesi. Maharage, mihogo na maji ya moto ya vyombo ni mkaa wa maganda ya korosho.

Niseme kidogo kuhusu gesi maana hapa Mtwara tunachanganya sana, hata mi nilikuwa nachanganya. Gesi asilia ya kwetu iligunduliwa Mnazi Bay (hiyohiyo Ghuba ya Mnazi ya Msimbati) mwaka 1982, inasafishwa Madimba, na bomba la kwenda Dar lilikamilika 2015. Hiyo ni gesi inayosafiri kwenye bomba. Ya mtungi ni nyingine kabisa, inaletwa na meli kutoka nje, ndio maana bei ya kujaza mtungi haina uhusiano na kisima kilichoko Msimbati, na ndio maana watu wanaosema "gesi ni yetu mbona mtungi ghali" wana uchungu wa haki lakini wanaoneshea kidole kitu kisicho chenyewe. Haki ya kudai ni bomba lifike, na kuna mitaa hapa Mtwara tayari nyumba zimeunganishwa na gesi asilia wanapika nayo. Chuo chenye wanafunzi wote hawa na jiko kubwa kama la kwetu, bomba likifika pale jikoni litaokoa miti mingi kuliko kampeni zote tulizofanya. Mi hilo nalisema kila nikipata nafasi na nitaendelea kulisema.

Haya, mkaa wa maganda. Mimi ni mtoto wa korosho, nimesomeshwa na korosho, na maganda kwetu tumezoea kuyaona yametupwa kwenye marundo au yanachomwa yakiwa mabichi na moshi mzito unafunga kijiji. Ganda la korosho lina mafuta yake ambayo yanababua ngozi, bibi yangu vidole vyake vilikuwa na makovu ya kubangua kwa mkono, kwahiyo ukilitia ganda bichi jikoni utaumia macho na kifua. Vijana wa klabu walinielekeza kwamba huo mkaa wanauleta kutoka kwa kikundi kinachoutengeneza, hao maganda wanayachoma kwanza kwenye pipa lililofunikwa, hewa kidogo sana, mpaka yawe mkaa, ndo wanayasaga, wanachanganya na uji wa mhogo kama gundi, wanakandamiza kwenye mashine inatoka mfano wa matofali madogo yenye tundu katikati, wanaanika. Ukiuwasha unachelewa kushika, hilo nikiri, inafika dakika ishirini wakati mkaa wa mti ungekuwa umeshawaka, mama anaamka mapema kwa ajili hiyo. Lakini ukishashika unakaa, hauruki cheche, sufuria halipigi masizi sana, na moshi ni kidogo. Nilinunua kilo mbili nikajaribu geto kwa rafiki yangu anaekaa Chikongola, tukapika maharage makavu kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuongeza mkaa. Majivu yake ni mengi lakini, andaeni pa kuyaweka. Na muwe waangalifu mnaponunua mitaani kwasababu mkaa mbadala siyo wote mmoja, kuna wa maganda, kuna wa vifuu vya nazi, kuna wa makaa ya mawe, ulizeni kabla.

Maji ya kujaza. Hapa ndio pochi yangu ilipopona. Kisima cha hosteli kwetu kina chumvichumvi, hayanyweki, kwahiyo nilikuwa nanunua chupa ndogo mbili kwa siku, 500 kila moja. Kantini wameweka simtanki la lita 1,000, maji yanapita kwenye machujio matatu afu kwenye taa ya kuua vijidudu, unaleta chupa yako nusu lita unalipa 100. Pigeni hesabu wenyewe, elfu moja kwa siku mara siku tano mara wiki kumi na tano ni 75,000, mimi semista hii nimetumia 15,000. Elfu sitini nimebaki nayo, nimeprintia ripoti ya field na nyingine nikamtumia mdogo wangu. Na chupa mia moja na hamsini ambazo hazikuingia kwenye lile shimo la nyuma ya hosteli, za mtu mmoja tu. Kinachonifanya niwaamini ni kwamba umeme ukikatika wanafunga bomba. Taa haifanyi kazi basi hawauzi, wanakwambia kabisa, hata kama foleni ndefu na hela iko mezani. Siku moja nilikuwa na kiu kweli nikamwambia dada wa kaunta nipe tu hivyohivyo, akanikatalia, nikaondoka nimenuna, lakini baadae nikamshukuru.

Sasa yasiyonipendeza, maana yapo.

Foleni ya saa saba mchana ni mbaya. Kurudisha kontena, kukagua namba, kupakua, kulipa, vyote vinafanyika dirisha moja na dada mmoja, mi nimeshachelewa vipindi viwili kwa ajili hiyo na mwalimu mmoja alinifungia mlango. Dirisha la pili la kurudishia tu lingemaliza kabisa hili tatizo, ukuta upo, ni kutoboa. Nimewaambia, wamesema wanasubiri likizo.

Vifuniko vinapotea. Kontena zinarudi, vifuniko havirudi, sijui watu wanavifanyia nini, na ikifika Ijumaa unapewa kontena yenye kifuniko kilegevu mchuzi unamwagika kwenye begi. Daftari langu la Takwimu lina mafuta ya samaki mpaka leo. Kifuniko nacho kigongwe namba.

Kontena ya stenlesi inaunguza. Ikipakuliwa wali wa moto huishiki bila kitambaa. Ukiwa mgeni utashtuka.

Halafu barafu. Pale kaunta kuna friji dogo, wanauza barafu za ubuyu na za ukwaju kwenye vinailoni vilevile tunavyovipigia kelele, na vinailoni vyake unavikuta njia nzima mpaka maktaba. Hili liliniuma nikamuuliza mama kwa heshima, shikamoo kwanza, nikamwambia mama mbona kila kitu mmebadilisha hiki kimebaki. Akakaa kimya kidogo, akasema barafu siyo zake, ni za binti wa jirani yake anajilipia ada ya kidato cha tatu, na kwamba akimwambia aache hana cha kumpa mbadala. Sikuwa na la kujibu. Tumezungumza na wenzangu kwenye klabu tumnunulie vikombe vidogo vya kurudisha na ndoo ya kuvioshea, tumeshachanga nusu ya hela. Lakini kama mteja anaepitia hapo leo, lazima mjue kwamba barafu bado zipo kwenye nailoni.

Kuna kisa kimoja lazima nikisimulie. Mwezi wa nne nilisahau kontena yangu kwenye ukumbi wa mihadhara, namba 61, nikarudi haipo. Nikaenda kwa mama nikijua nimeshapoteza elfu tatu na nilikuwa nimebakiza elfu nne tu mpaka bumu liingie. Mama akasema niache nyingine ya elfu tatu nichukue chombo, ila hela ya kwanza haijapotea, imeandikwa, "hiyo namba ikirudi kwa mkono wa mtu yeyote nitakuita." Nilikasirika moyoni, nikaona ndo basi tena. Wiki tatu baadae nilipigiwa simu nikiwa maktaba. Baba mmoja anaefanya usafi pale ukumbini alikuwa ameiokota, amekaa nayo akidhani ni ya mtu wa nyumbani, mpaka alipomwona mwanafunzi mwingine amebeba kama ile akauliza. Alienda kuirudisha mwenyewe. Mama akamkatia yule baba chai na chapati mbili bure, akanirudishia elfu tatu yangu mkononi mbele ya watu. Kabla ya mfumo huu yule baba kazi yake ilikuwa kuzoa maboksi yetu kila jioni, aliniambia siku hiyo kwamba sasa ukumbi anaumaliza saa kumi na moja, zamani ilikuwa mpaka magharibi anainama chini ya viti.

Makombo wanagawa, mfugaji mmoja wa kuku na bata anakuja na ndoo mbili kila jioni, maganda ya ndizi na mihogo yanaingia kwenye shimo la mboji nyuma ya migomba, na matembele yanayopikwa Jumatano yanatoka hapohapo. Hilo sina cha kuongeza, linaenda vizuri.

Kwa ujumla nikipewa nyota tano nawapa nne, ile moja wataipata dirisha la pili likitobolewa. Kwa wanaotaka kujaribu: wanafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumapili wanapumzika. Hela wanapokea taslimu na kwa simu, lakini hela ya kontena lazima iwe taslimu. Chai ya asubuhi na chapati mnaipata bila foleni kabisa. Mchana mfike kabla ya saa sita na nusu, na ikiwa ni Ijumaa mje na kitambaa cha kushikia na mkague kifuniko kabla hamjatoka dirishani. Mimi nitakuwepo mpaka tarehe ya mtihani wa mwisho, namba yangu sasa ni 14, na siku ya kuondoka nitairudisha nichukue elfu tatu yangu ya nauli ya Tandahimba.